Mpaka Ngamia wa Mwisho

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo kila nikiikumbuka huiacha chai yangu ikapoa. Haikuwa asubuhi ya msiba. Hakuna aliyekufa siku hiyo. Wafu tuliokuwa tukiwazungumzia walikuwa wameshakufa zamani, ndiyo maana nilidhani hakuna tena kitu kibaya kinachoweza kuwapata. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, shati jeupe la mikono mirefu, kalamu mfukoni, na katika mji huu wa Isiolo nilikuwa mmoja wa vijana wachache waliomaliza sekondari. Nataka kukueleza nilichofanya. Nitakieleza polepole, na nikikawia mahali univumilie, maana haraka ndiyo iliyoniharibia.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Habari zilikuwa zimeenea sokoni kwamba mzungu mmoja mzee, aliyekuwa ofisa wa jeshi enzi zake, anazunguka huku kaskazini akiandika habari za watu waliomtumikia Mwingereza katika vita vyake na Mtaliano. Waliothibitishwa wangepewa nishani, na waliokufa wangechongwa majina yao kwenye jiwe. Askari waliobeba bunduki walikuwa na karatasi zao. Lakini hapa kwetu kulikuwa na kikosi ambacho hakikuwa na karatasi yoyote. Wenyewe walikiita kikosi cha maji.

Nikueleze kilikuwa nini, maana shuleni hukufundishwa. Vita vilipofika mpaka wa Uhabeshi, magari ya jeshi yalikwama mchangani na kwenye mawe meusi ya huko juu, kupita Marsabit. Serikali ikachukua ngamia wa watu, na pamoja na ngamia ikachukua vijana wa kuwaongoza. Walikuwa Waborana, Wasomali, na Waturkana wachache. Kazi yao ilikuwa kupeleka maji kwa askari waliokuwa mbele. Hawakupewa bunduki. Hawakupewa viatu. Kengele za mti zilivuliwa shingoni mwa ngamia ili adui asisikie msafara ukipita. Ndege za Mtaliano ziliwaona hata hivyo. Wengine waliuawa na mabomu, wengine na kiu. Ndiyo, kiu, na maji yamebebwa na ngamia wao wenyewe, kwa sababu maji yale yalikuwa ya askari na yalipimwa kabla ya safari.

Na ilipofika kuandika, walioandikwa ni ngamia. Kila ngamia alipigwa chapa shingoni na kuingizwa kwenye daftari, jina lake na rangi yake, kwa kuwa serikali iliahidi kumrudisha kwa mwenyewe. Aliyemshika kamba hakuandikwa popote. Vita vilipokwisha, wale waliorudi waliambiwa kwamba hawakuwa askari, walikuwa wachungaji tu, waende nyumbani.

Basi mzungu akafika Isiolo, na akahitaji mtu wa kumtafsiria Kiborana kwa Kiingereza. Mimi ni Msomali wa hapa mjini, lakini Kiborana nilikijua tangu utotoni kwa kukaa sokoni na marehemu baba, Farah. Nikaitwa. Watu wakaanza kuniita Karani siku hiyohiyo, na mpaka leo, na mvi zangu hizi, naitwa hivyo.

Tulikutana kwenye boma la mnada wa mifugo, kwa sababu ndipo penye banda la mabati na nafasi. Wazee wa kikosi cha maji walikuwa wamekuja kutoka Garbatulla, Kulamawe, mpaka Oldonyiro, wengine kwa miguu. Walivaa kanzu zao za Idd. Walikaa kwenye magogo ya ua wa ng'ombe, wakaweka fimbo zao chini mbele yao, wote kwa mstari mmoja. Aliyechaguliwa kusema alikuwa Mzee Guyo, mtu mwembamba mwenye jicho moja jeupe. Jicho hilo aliliachia huko vitani.

Mzungu akafungua daftari. Akaniambia, "Waulize walikuwa wangapi, na wangapi walikufa."

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo wewe uliyezaliwa mjini huenda hulijui vizuri. Mfugaji wa zamani hahesabu watu. Ukimwuliza ana watoto wangapi atakutajia majina yao, au atasema Mungu amejalia, yaishie hapo. Namba ni ya vitu vinavyopelekwa mnadani. Na wafu ndio kabisa hawahesabiwi. Watu wa kikosi cha maji walikuwa na namna yao ya kuwakumbuka wenzao. Waliutaja msafara. Walianza na ngamia wa mbele, wakamtaja yeye na mtu wake na mahali mtu huyo alipoangukia, kisha ngamia aliyefungwa nyuma yake, kisha wa nyuma ya huyo, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Na msafara ukikatizwa katikati unarudiwa kutoka mwanzo. Haiwezekani kuendelea na nusu ya msafara nusu nyingine ikiwa imeachwa jangwani.

Nilimwuliza Mzee Guyo swali la mzungu. Akakohoa, akasema, "Wa mbele alikuwa Dima, yule mwekundu. Alikuwa wa Jillo. Jillo alilala kando ya kisima cha chumvi. Nyuma ya Dima alifungwa Gurracha, yule mweusi, wa Warsame mrefu. Warsame alipigwa na ndege akikaza mzigo. Nyuma ya Gurracha..."

"Anasemaje?" mzungu akauliza.

"Anataja ngamia, bwana."

"Ngamia? Mimi nimeuliza watu. Wangapi?"

Nikarudisha swali. Mzee Guyo akanitazama kama mtu aliyekanyagiwa mkeka wa swala, kisha akaanza tena, kwa sauti ileile: "Wa mbele alikuwa Dima, yule mwekundu. Alikuwa wa Jillo." Na wale wazee kwenye magogo, kila jina likitajwa, waliitikia kwa pamoja, kwa pumzi tu, kama watu wanaoshusha mzigo.

Mzungu akamkatiza tena. Mzee akarudi tena mwanzo. Upande wa pili wa ua walikuwepo madalali vijana, marafiki zangu, wakisubiri mnada uanze. Mmoja akapaza sauti, "Karani! Waulize bei bana! Huyo mwekundu anaenda ngapi?" Na mwenzake akasema, "Ngamia wa vita vya Mtaliano! Huyo sasa ni ngozi tu, hata supu hatoi!" Watu wakaangua kicheko.

Mwanangu, mimi pia nilicheka.

Niliona haya, ndiyo sababu. Nilijua historia ya Uingereza kwa tarehe zake, na mbele yangu wazee wangu wameulizwa habari za watu wanajibu kwa ngamia. Nilifikiri mzungu anatuona washamba. Mara ya tatu Mzee Guyo alipoanza, mzungu hakumkatiza. Aliangalia saa yake, akaacha kuandika. Dereva wake alikuwa amewasha gari. Mzee akaendelea, akapita pale alipokuwa amekatizwa, akaingia ndani kabisa ya msafara, macho ameyafumba, mkono mmoja umekunjwa kama unaoshika kamba. Na mimi? Sikuwa nikisikiliza. Nilikuwa naangalia ile saa ya mzungu, nikiwaza nitamfanyaje anione kijana mwepesi, asiyepoteza wakati wa mtu.

Akaniinamia akauliza, "Kwa kifupi, anasemaje?"

Nikamjibu kwa Kiingereza, maneno machache tu, kwamba hawakumbuki.

Akaandika hivyo. Akanipa daftari nitie sahihi kama mkalimani. Nikatia, nikaiwekea na mkia mrefu chini, maana wakati huo nilikuwa nimeifanyia mazoezi sahihi yangu.

Mzee Guyo akafumbua macho akaona daftari linafungwa. "Mwana wa Farah," akaniambia, "mbona anafunga? Sijafika kwa wa mwisho."

"Amesikia, Mzee. Nimemwambia yote."

"Yote?"

"Yote."

Alinitazama kwa lile jicho moja zima. "Mimi nimesema mpaka mate yamekauka mdomoni. Wewe umefungua mdomo mara moja ukaufunga. Kiingereza ni kifupi hivyo?"

"Ndiyo, Mzee," nikasema. "Kiingereza ni kifupi."

Wazee wakacheka kwa kustaajabu. Mmoja akasema, "Basi hiyo ni lugha nzuri ya safari. Haina mzigo." Mzee Guyo peke yake hakucheka. Aliokota fimbo yake chini, akaipangusa vumbi taratibu, akaondoka.

Mzungu alinipenda. Aliniandikia barua ya kunisifu, na barua hiyo ikanipatia kazi ya ofisi Nanyuki. Nilioa kwa kazi hiyo. Nilisomesha watoto kwa kazi hiyo. Usifikiri nilikuwa mtu mbaya siku zote. Nilisali, nilifunga, nilisaidia jamaa. Lakini kila mkate niliokula miaka yote hiyo ulianzia kwenye neno moja la uongo nililosema penye boma la ng'ombe.

Wazee waliendelea kungoja. Kila siku ya mnada walipitia posta kuuliza kama kuna barua kutoka Uingereza. Nilielezwa hivyo na watu. Mwenyewe nilikuwa nikifika Isiolo nakwepa njia ya posta.

Idd moja, miaka kadhaa baadaye, Mzee Guyo alinikuta nje ya msikiti. Alinishika mkono baada ya salamu wala hakuuachia.

"Majibu?"

"Bado, Mzee."

"Labda hicho Kiingereza kifupi kina miguu mifupi," akasema, akatabasamu kidogo. Kisha akanivuta pembeni. "Sikiliza, mwana wa Farah. Sikudai kitu. Njoo nyumbani Kulamawe. Njoo bila mzungu, bila saa. Nikutajie msafara mpaka ngamia wa mwisho, uuandike kwa mkono wako mwenyewe. Zamani tulijaza ua mzima. Sasa tunatosha mkeka mmoja."

Alijua, mwanangu. Siku zote alijua. Na hakunitukana, hakunisema kwa watu, alinifungulia mlango tu.

"Nitakuja, Mzee, Inshallah," nikasema.

Nimelifikiria sana neno hilo. Wengi wetu tunalitumia vizuri, kwa imani. Mimi siku ile nililitumia kuondokea. Kutoka hapa mjini hadi Kulamawe ni safari ya asubuhi moja kwa lori. Sikwenda mwaka huo, wala uliofuata. Kulikuwa na kazi, kulikuwa na mtoto mgonjwa, kulikuwa na barabara mbovu. Sababu hazikosekani ukizitafuta. Ukaja ukame mkubwa. Dereva mmoja wa lori akaniletea habari kwamba Mzee Guyo amezikwa. Nilikuwa na likizo wakati huo. Niliitumia kupaka nyumba rangi.

Mtu anaweza kukosea kwa dakika moja akasamehewa. Mimi dakika yangu niliipa miaka.

Nilistaafu nikarudi Isiolo. Nikawa mzee wa kukaa barazani, vijana wakinisalimu kwa heshima. Mwaka jana, alasiri moja, akaja kijana anayeitwa Hassan. Ana lori la kubeba mifugo na ni mjukuu wa Mama Dahabo, yule bibi aliyeuza maziwa ya ngamia mtaani Bulapesa tangu nywele zake nyeusi. Babake Mama Dahabo aliitwa Elmi. Alikuwa wa kikosi cha maji. Alikwenda na msafara mke wake akiwa mja mzito, hakurudi. Mama Dahabo hakuwahi kumwona hata siku moja.

"Asalaam aleikum, awowe," Hassan akasema, akimaanisha babu. Akaketi, akatoa karatasi kwenye bahasha. Akanieleza kwamba yeye na wajukuu wenzake wamekuwa wakienda Nairobi kwenye ofisi moja inayohusika na kumbukumbu za waliotumikia vitani, wakiomba kikosi cha maji kitambuliwe kuwa kikosi cha jeshi, na majina yawekwe. Nyanya yake anataka kuliona jina la babake kabla hajafa. Hakuna kingine anachotaka.

"Daftari la ngamia limepatikana," akasema. Uso wake ulikuwa umechangamka. "Lote, awowe! Jina la ngamia, rangi, chapa. Wamesema akipatikana mtu aliyesikia kwa midomo ya wenyewe ni nani aliongoza ngamia gani, aape, watalinganisha na daftari na majina yataandikwa. Ngamia ndio ushahidi."

Ngamia ndio ushahidi. Kile kitu nilichokionea haya.

"Shida ni hii karatasi nyingine," Hassan akaendelea. "Inasema wazee waliulizwa zamani wakasema hawakumbuki. Imetiwa sahihi na mkalimani. Hii sahihi ya mkia mrefu unaijua?"

Ningeweza kusema siijui. Hakuna aliyebaki hai wa kunikanusha.

"Ni yangu," nikasema.

Akainua macho. "Kwa hivyo ni kweli? Walisahau?"

"Hawakusahau. Mimi ndiye niliyesema hivyo."

Hassan aliitazama tena ile sahihi. Kisha akakusanya karatasi moja moja, akazirudisha kwenye bahasha. "Hayo usiniambie mimi," akasema. "Twende ukamwambie nyanya."

Tulimkuta Mama Dahabo uani anafukiza mitungi ya maziwa ili yasiharibike, kama afanyavyo siku zote. Aliweka kaa la moto la mti ndani ya mtungi, akafunika, akautikisa. Nilimwambia habari yote, mpaka kicheko changu, mpaka "Kiingereza ni kifupi," mpaka rangi niliyoipaka nyumba. Hakuacha kazi. Nilipomaliza akauliza, "Ulisikia nini, Karani? Anza."

Nikaanza. Dima wa Jillo, aliyelala kando ya kisima cha chumvi. Gurracha wa Warsame mrefu, aliyepigwa na ndege. Adi, yule mweupe, wa Boru, aliyekunywa mkojo wa ngamia akafa siku ya tatu. Majina yalikuja, kwa sababu Mzee Guyo aliyarudia kila alipokatizwa, na kurudia kwake kuliyapigilia kichwani mwangu bila mimi kutaka. Nikafika kwa Dalacha, ngamia wa kijivu, wa Ekiru Mturkana aliyekuwa akiimba. Hapo kamba yangu ikakatika. Waliomfuata Dalacha nilitajiwa mara moja tu, wakati nikitazama saa ya mzungu.

"Na Elmi?" akauliza.

"Sijui alifungwa nyuma ya nani."

Mkono wake ukasimama juu ya mtungi.

Nikasema kwa haraka, "Abaayo, dada yangu, nisikilize. Nitamwandika. Nitaapa kwamba nilimsikia akitajwa. Kwenye daftari kuna ngamia wengi wasio na mtu, nitamchagulia mmoja. Nani atajua?"

Hassan akaruka, "Si aandike tu, nyanya! Kwani ni uongo? Babako alikuwa huko, kila mtu anajua!"

Mama Dahabo akaniangalia mimi, si yeye.

"Karani, wewe hujachoka?" akasema. "Baba yangu ulimtoa kwa uongo. Leo unataka kumrudisha kwa uongo. Na ukimpa ngamia wa mwenzake, huyo mwenzake ataongoza nini?"

Alifungua mtungi, moshi ukatoka, akakung'uta majivu. "Kaape ulichosikia," akasema. "Na uape pia ulichofanya."

Nikaenda. Nilitoa hati ya kiapo mbele ya hakimu. Niliwataja wale wa mbele, mpaka Dalacha. Chini yake niliandika kwamba wazee waliwakumbuka wote, na kwamba mimi, mkalimani, ndiye niliyedanganya. Sahihi ya safari hii haikuwa na mkia.

Barua ya majibu imekuja mwezi uliopita. Hassan anajua Kiingereza kuliko mimi, lakini Mama Dahabo alimkatalia. "Asome Karani," akasema. Akanitandikia mkeka. Safari hii alikuwa ameiweka mitungi kando.

Nikasoma. Nikatafsiri kila kitu, mwanangu. Nilianza na anwani iliyo juu, namba ya faili, muhuri. Nikasoma kwamba kikosi cha maji kimetambuliwa kuwa kilikuwa sehemu ya jeshi. Hassan akashika kichwa kwa mikono miwili, machozi yakamtoka. Nikasoma majina yatakayochongwa. Barua imewahesabu, mimi sitawahesabu. Nikasoma kwamba kuhusu waliobaki ofisi inasikitika, haina la kufanya, kwa kuwa ushahidi pekee uliokuwepo ni ule ulioandikwa Isiolo miaka ile, na jina langu kamili limeandikwa hapo, la baba na la babu. Nililisoma pia. Kisha nikafika ukurasa wa mwisho, ambao ni orodha ya ngamia waliosalia. Wametajwa wote, jina, rangi na chapa, na mbele ya kila mmoja wameacha nafasi tupu. Mmoja wao alikuwa ameshikwa na Elmi. Niliwasoma mmoja mmoja, na kwa kila mmoja nikasema, "Mtu wake hakuandikwa."

Nilipomaliza, adhana ya alasiri ilikuwa imeshaisha. Mama Dahabo alikaa ameuegemeza mgongo ukutani, mikono mapajani.

"Kumbe Kiingereza ni kirefu, Karani," akasema.

Nikaanza kuikunja barua. Akanizuia akasema, "Nisomee tena hao wasio na watu."

Nikaanza kuwasoma. Sikuwa nimefika mbali Hassan akaingilia, akitaka kujua kama tunaweza kukata rufaa. Mama Dahabo akainua mkono kumnyamazisha, kisha akanigeukia.

"Umekatizwa," akasema. "Rudi mwanzo."

Nikarudi mwanzo.

Sasa naenda kwake kila Ijumaa baada ya swala, nikiwa na ile karatasi. Namsomea, anaitikia kila jina kwa pumzi, kama walivyoitikia wale wazee kwenye magogo. Simwombi msamaha tena. Nilishaomba, akaniambia mwenye kusamehe ni Mzee Guyo, na Mzee Guyo yuko Kulamawe chini ya mawe. Huko pia nimeenda. Nimechelewa, lakini nimeenda. Barabara siku hizi ni nzuri.

Basi nikuambie ninachotaka ubaki nacho, mwanangu. Mzee akisema jambo unaloliona la kijinga, usilione haya mbele ya wageni. Litafsiri lote kama lilivyo, hata mgeni akiangalia saa. Huenda kile unachokiona takataka ndicho kitakachotafutwa siku ambayo mwenyewe hayupo tena. Usijibu kwa niaba ya mtu ambaye yuko hapo anasema. Ukikosea, kakiri wakati aliyekosewa bado anaweza kukusikia, na akikuambia njoo nyumbani, usiseme utakuja. Panda gari siku hiyohiyo. Na ukishachelewa, usijaribu kuziba pengo kwa uongo mwingine, hata uongo wa huruma. Liache pengo lionekane, ukae karibu nalo.

Kama una babu, bibi, shangazi au jirani aliyebaki, nenda leo. Chukua daftari. Usimkatize. Akirudi mwanzo, rudi naye.

Mungu akujaalie mzee wa kukusimulia, mwanangu. Akupe masikio yenye subira na mkono wenye kuandika kweli. Akulinde na haraka iliyonipata mimi, na akufikishe salama, wewe na wote waliofungwa kamba moja na wewe, mpaka ngamia wa mwisho.